Sahani Iliyotoka Bila Kuoshwa

Ijumaa, tarehe saba Novemba. Vumbi tangu alfajiri. Jua lilikaa juu ya Riyadh kama kiini cha yai viza, na ingawa nilitia matambara chini ya mlango, nyumba nzima ilinuka udongo. Nilifungua sanduku la chuma kutafuta mablanketi, maana baridi haiko mbali, na chini kabisa mkono wangu ukagusa kipande cha kanga kilichofungwa mafundo mawili. Kabla sijafungua, harufu ikanitangulia: zafarani, maji ya marashi, na kitu kama ukurasa wa msahafu mkongwe. Miaka kumi na mitano imepita na sahani ya Bibi bado inanuka. Nikakaa sakafuni. Mwanangu Rahma, ambaye ana miaka minne, akaniuliza mbona nimekaa chini. Nikamwambia nimechoka. Nataka kuyaandika yaliyotokea Jeddah mwezi ule kama ninavyoyakumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, kwa sababu nimeshajihadithia mambo haya mara nyingi mno, na kitu kikihadithiwa sana huanza kujipamba chenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mahjar, upande wa kusini, ghorofa ya pili ya jengo ambalo ngazi zake zilikuwa na unyevu mwaka mzima. Chini walikaa Wasudani, juu Wayemeni, mkabala wetu familia ya Kihausa iliyokuwa pale tangu zamani kuliko sisi. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Nuzha, na bosi wake ndiye aliyekuwa kafili wetu. Asiyejua maisha ya huku na aelewe hivi: mgeni hukaa kwa karatasi ya ikama, na ikama husimama juu ya jina la mwenyeji. Zetu zote, ya Baba, ya Mama, yangu, na ya Bibi aliyemzaa Baba, zilisimama juu ya jina la mtu mmoja. Bibi alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na alikuwa bado akisema "kwetu" kana kwamba ametoka huko juzi. Baba alizaliwa Jeddah. Yeye alikuwa hasemi "kwetu" kabisa, kuhusu mahali popote.

Ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Kwa wenyeji wengi wa mtaa wetu kusoma maulidi lilikuwa jambo la uzushi katika dini, na sikusudii kuwabeza, wana hoja zao na wamesoma kuliko mimi. Lakini Bibi alikuwa hawezi kuuacha mwezi ule upite mkavu. Basi tulisoma kwa kunong'ona. Mama alifunga madirisha, akabana shuka ya mvua chini ya mlango ili moshi wa udi usitoke, na wanawake wanne watano wa Kiswahili walikaa kwenye mkeka wakiinuka wakati wa kisimamo taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Baba hakuingia. Alikuwa amekwishazoea darsa za msikitini na moyo wake ulikuwa upande ule. Lakini alikaa nje kwenye ngazi, akijifanya anapunga upepo, na mtu akipanda alikohoa mara mbili. Ndani tulinyamaza mpaka nyayo zipite. Nilidhani wakati ule kwamba kila nyumba duniani humsifu Mtume hivyo, kwa kusikiliza nyayo.

Shuleni wasichana waliniita takruniya, neno wanalowaita watu weusi waliotoka Afrika, kwa sababu ya nywele zangu. Si wote, na aliyelianzisha ndiye baadaye aliyenigawia penseli zake, kwa hiyo sijui niseme nini juu yake. Nilipomuuliza Baba nijibu vipi, alisema: "Waambie asili yetu Hadhramaut." Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Na nyama ya mwili wake je, nayo ya Hadhramaut? Mwambie mtoto, Salim. Babu yake Mwarabu wa huko, sawa. Bibi yake mzaa bibi alikuwa Mhadimu wa Makunduchi, akilima muhogo. Mwacha asili ni mtumwa." Baba akasema, "Mama, asili haimlindi mtu hapa." Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililonichanganya. Kesho yake nilipoulizwa nikasema sijui.

Sahani yenyewe ilikuwa nyeupe, yenye mstari wa buluu ukingoni, na ufa mwembamba kama unywele. Bibi alikuja nayo kutoka Unguja. Haikuliwa chakula ndani yake. Ilikuwa ya kombe: mtu akiugua, au akishikwa na hofu isiyo na jina, Bibi alitia udhu, akalowesha zafarani kwa marashi, akachonga kijiti, akaandika aya za Kurani kuizunguka sahani kuanzia ukingoni kuja kati, mpaka ikawa kama ua jekundu lenye umanjano. Katikati aliandika jina la mgonjwa na la mama yake, ili dua, alivyokuwa akisema yeye, ijue mlango wa kubisha. Halafu maandishi yaliyeyushwa kwa maji na mgonjwa akanywa yote, asiache hata tone. Sharti lilikuwa moja, nami nililijua kama ninavyolijua jina langu: sahani yenye maandishi haitoki nje ya nyumba. Hutoka maji. Sahani huoshwa kwanza.

Agnetta alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa bosi wa Baba. Alitoka Bungoma, Kenya, Mkristo, mrefu, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni. Mama alikuwa akimkaangia madam, mke wa bosi, sambusa za wageni kila Alhamisi, siku ambayo enzi zile ilikuwa ya mapumziko, na Baba alikuja na Agnetta kuzichukua. Ile nusu saa ndiyo iliyokuwa Kiswahili chake cha wiki. Siku ya kwanza alipotusikia tukimwita Bibi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Aki nyinyi! Kwetu bibi ni mke wa mtu." Bibi akamjibu, "Kwani mimi niliokotwa? Nilikuwa mke wa mtu, tena mtu mzima." Tangu hapo wakawa marafiki. Agnetta alimletea Bibi majani ya chai aliyotumiwa kwao, Bibi akamfundisha kupika mofa na kuipaka samli.

Lakini mwezi ule alikuja amebadilika. Mama yake alikuwa amefariki kwao. Pasipoti alikuwa nayo bosi, na ruhusa ya kusafiri haikupatikana, basi alizikiwa kwenye simu: walimwekea simu karibu na kaburi akasikia majembe. Tangu siku hiyo halali. Alisema akifumba macho anasikia udongo ukianguka. Alikuwa akisali kwa midomo tu, uso kwenye nguo, asije akaonekana. Bibi akasema, "Nitakuandikia." Agnetta akacheka kidogo, si kile kicheko cha tumboni. "Lakini mimi ni mtu wa kanisa, Bibi. Hii si itakataa?" Bibi akasema, "Wewe una usingizi? Huna. Basi kunywa, na wewe uniombee kwa kwenu. Tuone nani atatangulia kujibiwa." Kisha akamuuliza jina la mama yake. Agnetta akasema: Nekesa.

Alhamisi iliyofuata Bibi aliandika tangu asubuhi. Agnetta alipokuja, Baba alikuwa na haraka, wageni wa madam walikuwa wanafika mapema, akapiga honi chini mara moja, mara ya pili. Bibi akanikabidhi sahani: "Zuwena, ioshe kwa marashi, tia kwenye chupa, mpe akanywe kwake siku tatu. Upesi." Nikaenda jikoni. Nikafungua bomba. Na sikuiosha. Najiuliza mpaka leo kwa nini. Wakati mwingine nakumbuka kwamba maandishi yalikuwa mazuri mno, yamekauka yanang'aa, na niliona uchungu kuyafuta. Wakati mwingine nakumbuka kwamba nilitaka tu kupanda gari, kwa sababu Nuzha kulikuwa na bembea bustanini, na nilihofu kuachwa. Yote mawili nayaona kwa uwazi uleule, kwa hiyo mojawapo lazima nimelitunga. Nilifunga bomba, nikaifunga sahani katika kipande cha kanga cha Bibi, nikashuka mbio. Garini nilikaa nyuma na Agnetta, nimeipakata. Tulipofika nikaiingiza kwenye kapu la sambusa, nikamwambia, "Bibi kasema utie maji unywe, usiache hata tone." Akanibusu kichwani. Nikaenda kubembea.

Yaliyotokea ndani niliyajua baadaye kwa Baba. Madam alifunua kapu mwenyewe, akitafuta sambusa, akakuta kanga, akaifungua. Lazima niwe muadilifu kwa madam. Hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia Agnetta blanketi zito kabla hajaombwa, na mimi kila mara alinipa chokoleti mbili, moja ya kula na moja ya njiani. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa iliyopanda na kushuka kwa wiki tatu, na madaktari walikuwa hawajapata sababu. Sasa mama huyo akute jikoni kwake, ndani ya kitambaa cha mafundo, sahani yenye maandishi mekundu ya duara, hati ya kizamani isiyosomeka ila katikati tu, jina la mfanyakazi na jina la mwanamke mwingine. Kwetu hiyo ni dawa. Kwao, jina la mtu na la mama yake ndiyo alama yenyewe ya sihiri, na sihiri katika nchi hii si maneno ya masihara. Mtu huenda mbele ya kadhi nayo, na harudi alivyokuwa.

Baba aliitwa. Bosi alimwonyesha sahani akamuuliza kama anaijua. Baba alikuwa amekua chini ya sahani ile; alipougua tetekuwanga, alipougua surua, alinyweshwa kombe lake. Akasema, "La, haijui." Hivyo ndivyo alivyotuhadithia, "haijui" badala ya "siijui", kama vile aliyejibu alikuwa mtu mwingine. Na Agnetta, alipoulizwa ameipata wapi, alisema, "Ni yangu." Nani kakupa? Mafi. Hakuna. Wakamfungia chumba cha kufulia mpaka bosi aamue, na simu wakaichukua.

Jioni ile kwetu hakukuwashwa taa ya sebuleni, sijui kwa nini, labda hakuna aliyetaka kuonwa uso. Bibi alisema, "Nipeleke." Baba akasema, "Ukienda wewe, tumekwenda sote. Na tunakwenda wapi, Mama? Unguja nani anatujua? Nani ana ufunguo wa nyumba gani?" Bibi akasema yule binti ana siku mbili tatu tu kabla hawajampeleka kwa wakubwa. Baba akasema anajua. Kisha akamgeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha sahani haitoki! Umezeeka umesahau?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi alinitazama. Alinitazama muda wa kutosha kumeza mate. Akasema, "Ndiyo. Nimezeeka. Nilisahau kuiosha." Siri ya mtungi aijuaye kata. Nami sikufungua mdomo.

Siku ya pili Baba alirudi na habari kwamba bosi ameleta shekhe wa kusoma ruqya, yaani kumsomea mtoto Kurani ili apone. Shekhe alisoma juu ya maji, akapuliza, mtoto akanyweshwa, na yaliyobaki wakanyunyiza pembe za nyumba. Bibi aliposikia hivyo aliuliza mara mbili: "Maji? Kayasomea maji, wakanywa?" Baba akasema, "Mama, usianze." Mimi si mwanachuoni na sitaki kuamua. Huenda tofauti ipo, ya jina lile la katikati, au ya kitambaa, au ya nani anaandika na nani anapuliza. Lakini kwa mtoto wa miaka tisa maji yalikuwa maji.

Jumamosi asubuhi Baba alipotaka kwenda kazini alimkuta Bibi ameshakaa kiti cha nyuma cha gari, na buibui lake la zamani, ameniweka pembeni badala ya kwenda shule. "Endesha," akasema. Baba alisimama na mlango wazi. Jirani yetu Mhausa alipita akatoa salamu, Baba akaitika, akaingia, akaendesha. Njia nzima mpaka Nuzha Bibi alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, kama mtu anayepima homa.

Walitupokea sebule ya wanawake. Bosi na shekhe wakasimama kizingitini, uso pembeni kwa heshima. Bibi alisema kwa Kiarabu chake cha Hijazi kisicho na kasoro kwamba sahani ni yake, mkono ni wake, na yule binti hakujua kilichomo. Akaomba aletewe. Madam alisita, akaileta kwa ncha za vidole. Bibi akamwambia shekhe, "Soma." Shekhe, naye alikuwa kijana, aliinama, akaanza kufuata mduara kwa macho, midomo ikicheza. Alifika karibu na katikati akanyamaza. "Ni Ayatul Kursiyu," akasema. "Lakini jina hili?" Bibi akasema, "Ni la binti aliyezika mama yake kwa simu." Hakungoja jibu. Alichukua gilasi ya maji iliyokuwa mezani, akaimimina sahanini, akazungusha mpaka maandishi yote yakaachia na maji yakawa rangi ya machweo, akainua akanywa mbele yao. Alikunywa taratibu, koo likipanda na kushuka. Kisha akapitisha kidole kwenye sahani, akakilamba. "Kama ni sumu imo tumboni mwangu," akasema. "Kama ni sihiri, imenirudia."

Niliona machozi ya madam, na sijui yalikuwa ya nini. Bosi alisema neno moja tu, bila kupaza sauti: "Halas." Yamekwisha. Nilidhani ni msamaha. Ulikuwa nusu ya msamaha. Suala halikupelekwa kwa wakubwa. Lakini Baba alipewa mwezi mmoja kutafuta kafili mwingine, na Agnetta akatolewa chumba cha kufulia tukiwa bado tunavaa viatu, Bibi na sahani yake kwapani. Alikuwa amepungua. Alinitazama mimi, si Bibi, maana yeye alijua ni mkono wa nani uliotia kanga kapuni. Siku tatu aliulizwa, na hakusema. Akasema, "Nimelala, Bibi. Siku hizi tatu nimelala." Mtu wa ofisi iliyomleta alikuwa nje na gari. Alipanda na mfuko mmoja. Tuliambiwa amesafiri.

Tuliambiwa. Neno hilo nimeishi nalo. Hatukuwa na namba yake, hatukulijua jina lake la tatu. Tulihamia Riyadh, Baba akapata kafili mwingine, Bibi hakuandika tena, na mwaka wa nne akafa, akazikwa huku kwenye kaburi lisilo na jina kama makaburi yote ya hapa. Siku hizi mambo yamelegea. Watu wanasikiliza maulidi kwenye simu bila kushusha sauti, na mwaka jana kwenye harusi wanawake wetu walipiga vigelegele madirisha wazi. Nafurahi. Lakini bado nikifukiza udi hubana shuka chini ya mlango, na mtu akikohoa ngazini, hungoja nyayo zipite. Juzi Rahma alirudi kutoka chekechea akaniuliza sisi ni nani. Nilimwambia Waswahili, asili yetu Unguja, na Makunduchi. Halafu nikajiona nimeshusha sauti.

Leo baada ya swala ya Ijumaa Baba alikuja, kama kawaida yake, ndevu zimejaa vumbi. Nilikuwa nimeiacha sahani juu ya meza. Aliiona, akakaa. Nikamwambia. Nilimwambia yote, bomba, bembea, na kwamba Bibi hakusahau kitu. Nilitegemea akasirike au alie. Alipangusa miwani kwa pindo la kanzu. "Nilikuona kwenye kioo cha gari," akasema. "Umekipakata kile kitambaa. Mama hakuwa akifunga kitu kingine katika kitambaa kile. Nilijua ni sahani, na nikajua kama ingekuwa imeoshwa ungebeba chupa." Nikamuuliza kwa nini hakusimamisha gari. "Wageni wa madam," akasema. "Nilikuwa nimechelewa." Baadaye kidogo akaongeza, kama anayeongea na miwani: "Na mimi nikamwambia mama yangu amezeeka." Nikamuuliza kama anadhani Agnetta alifika kwao. Akavaa miwani, akageukia dirisha. Upepo ulikuwa unasaga mchanga kwenye kioo cha dirisha.

Chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi ya kopo, mchuzi wa changu, na bamia. Rahma ndiye aliyepanga sahani, na kwa kuwa hajui, ile nyeupe yenye mstari wa buluu akamwekea babu yake. Nilitaka kuinuka, Baba akanionyesha kwa kiganja nikae. Akala wali wote. Akapitisha kidole ukingoni na kukilamba, jambo ambalo ni sunna na yeye hulifanya siku zote. Kisha akamimina maji ndani ya sahani, akayazungusha, akanywa, hakuacha hata tone.